Ushuhuda wa Spesiosa

"Hodi! Hapa ndipo kwa mama aliyeponywa huzuni?"

Harerimana aliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, miguu myekundu kwa vumbi, mkungu mdogo wa ndizi kichwani.

"Karibu, mama. Umetoka wapi?"

"Kalinzi, kule milimani. Naitwa Marsiana. Nimeshuka kwa miguu tangu alfajiri. Huko kwetu wanasema kuna mkimbizi hapa Mwanga alisimama kanisani akashuhudia kwamba huzuni imemtoka. Mimi bado ninayo, baba. Nataka anieleze alivyofanya."

Harerimana alitupia jicho pazia la chumba. Nyuma ya pazia mke wake Spesiosa alikuwa amelala tangu jana, uso umeelekea ukutani.

Huzuni hiyo haikumjia walipoikimbia Burundi. Njiani Spesiosa ndiye aliyewaimbia wenzake. Ilimjia baadaye, walipokwisha kupata chumba, cherehani na nafasi katika kwaya, na kwa hiyo hakuna aliyeielewa. Aliacha kuimba, kisha akaacha hata kuoga. Daktari alisema ni ugonjwa, akampa vidonge, akaonya kuwa kupona kutachukua muda. Kanisa nalo lilifunga na kuomba, na tangu hapo kila ibada watu walikuwa wakimgeukia Spesiosa, wakingoja asimame. Harerimana alingoja kuliko wote. Siku moja alimgusa kiwiko, akamnong'oneza, "Simama, mke wangu. Ukikiri, utapokea."

Spesiosa alisimama akasema amepona. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Kuanzia siku ile hakumeza tena kidonge, maana mtu aliyepona anameza dawa ya nini? Harerimana alikuwa akikiona kile kikopo kimejaa vilevile. Alinyamaza. Ushuhuda ule ulikuwa umempa heshima ambayo mkimbizi haipati kirahisi.

"Mama hajisikii vizuri leo," alimwambia mgeni.

"Hee! Huzuni si imemtoka? Sasa ana nini, malaria?"

Pazia likasogea. Spesiosa alitoka, kitenge kimefungwa upande, nywele hazijachanwa.

"Sijapona, dada. Nilisimama kwa sababu walikuwa wananingoja. Umetembea bure, nisamehe."

Marsiana alitua ndizi, akakaa sakafuni, akaanza kulia.

"Sikutembea bure," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekataliwa na Mungu. Mchungaji wetu ananiuliza nimeficha dhambi gani. Nimetafuta, dada yangu, nimepekua mpaka za utotoni. Niliwahi kuiba karanga za bibi. Au ndiyo hiyo?"

Spesiosa akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu kama kikohozi, lakini Harerimana alilazimika kuinama juu ya cherehani ili wasimwone machozi. Miezi yote ile alimdai mke wake furaha. Hakuwahi hata mara moja kukaa naye sakafuni.

Marsiana alipotoka kwenda kunawa miguu, Spesiosa alisema, "Mume wangu, askofu anakuja Jumapili. Najua mmepanga nishuhudie tena. Usiniite."

Jumapili hiyo ndiyo Harerimana angewekewa mikono kuwa mwinjilisti. Mwinjilisti hupewa nyumba ya kanisa, na chumba chao kilikuwa kinavuja. Kanzu nyeupe ya siku hiyo alikuwa ameishona mwenyewe.

"Sitakuita," alisema.

Jumapili kanisa lilijaa, ila Spesiosa alibaki nyumbani na Marsiana. Baada ya sadaka askofu alitabasamu. "Kabla hatujamwekea mikono ndugu yetu, tumsikie yule mama aliyeponywa. Ndugu, mwite mkeo."

Harerimana alisimama. Angeweza kusema mke wake amesafiri.

"Sitamwita, Baba Askofu. Hajapona. Mimi ndiye niliyemsimamisha, akaacha dawa, nikaona, nikanyamaza. Bwana Yesu alipohuzunika kule bustanini aliwaomba rafiki zake wakeshe naye, basi. Mimi sikukesha. Nilimtaka mgonjwa anifurahishe mimi."

Hakuna aliyesema amina.

"Keti, ndugu," askofu alisema taratibu. "Habari ya kuwekewa mikono tutaiangalia wakati mwingine."

Kwaya ikaanza wimbo haraka. Kanzu ilibaki imekunjwa kwenye benchi la mbele, na ibada ilipokwisha Harerimana hakuwa na nguvu ya kwenda kuichukua.

Nyumbani aliwakuta uani. Marsiana alikuwa amekataa kuondoka, akisema miguu yake haijakubaliana na mlima, na kwamba kesho watakwenda hospitali wote wawili, naye akavionje hivyo vidonge. Alikuwa akimenya ndizi upesi huku akiongea. Spesiosa alikuwa amemenya moja tu, bado ameishika.

"Walinitaka?" aliuliza.

"Walikutaka."

"Ukaniita?"

"Sikukuita."

Alimtazama mikono, akaona haina kitu. "Na kanzu?"

"Imebaki."

Spesiosa akasogea kidogo kwenye mkeka, akampa kisu.

"Menya, basi," alisema. "Mimi nimechoka."

Harerimana akaketi.