Gata la Salmini

Mwalimu Ethel alimdharau jirani yake Salmini kwa moyo mkunjufu. Hakumchukia; chuki ni kazi, na yeye alishastaafu. Alimdharau tu, kuanzia asubuhi anapofungua dirisha na kuliona lile bati jekundu la msauzi limejinyoosha hadi usoni pake, bila gata la kukinga maji, bila haya. Hapa Mkunya hakuna mto wala chemchemi. Mtu mwenye akili zake anavuna maji ya bati na kuyafungia kisimani. Salmini, aliyeuza korosho vizuri mwaka mmoja akajiona amefika, aliyaacha yamwagike ovyo. Na yalimwagikia wapi? Kwenye ukuta wa chumba cha Mwalimu.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali mabichi. Misimu mitatu ya mvua ulikunywa maji, plasta ikawa inadondoka vipandevipande, na mwaka huu ufa ulipanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kitanda. Mvua chache zaidi na ukuta ungemwangukia usingizini. Nyumba nyingine hakuwa nayo.

Si kwamba alinyamaza. Ethel anyamaze? Mwaka wa kwanza alimwambia Salmini mbele ya mkewe kwamba hilo bati lina nafuu, kinachovuja ni kichwa chake. Salmini akacheka mpaka akashika mbavu. Mwaka wa pili alijaza ndoo tope la ukutani, akaenda kulimwaga mlangoni kwa Salmini na kumwambia ale, ndicho chakula kinachomfaa. Salmini akaenda kusimulia kisa hicho barazani kwa wanywa kahawa, kisha akarudi akamkamata jogoo wa Ethel mchana kweupe, akamchinja, na jeuri yake yote akamletea paja. Kila asubuhi salamu yake ilikuwa moja, mwanamume wa miaka arobaini na ushei kumwambia mwanamke wa sitini na tatu: "Bado hujafa tu, bibi?" Ethel alimweka kwenye fungu la wasiofundishika, na kwa miaka yake thelathini ya chaki na ubao alikuwa amewaona wengi.

Ufa ulipoanza kupitisha mwanga, akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Gideoni, mwanafunzi wake wa zamani ambaye naye Ethel hakuwahi kumtarajia afike popote. Gideoni akamwita Salmini. Ethel akaeleza yote kwa mpangilio: bati, maji, ufa, tope, jogoo. Alipofika kwenye jogoo, Gideoni alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika.

"Mwalimu," alisema huku anajifuta machozi, "wewe Mmakua, huyu Myao. Utani wenu wa makabila mnaniletea mpaka ofisini?"

Ethel akageuka. Salmini naye alikuwa hoi kwa kicheko.

"Huyu bibi ni kiboko," Salmini alimwambia mwenyekiti. "Tangu afe babu yangu sijamwona mtani wa namna hii. Gata nilishanunua, liko uvunguni mwaka wa pili sasa. Nikasema nikilifunga, atanitukana kwa lipi?"

"Na ukuta wake?" Gideoni aliuliza.

"Mke wangu alinisema sana kuhusu huo ukuta. Nikamwambia, mwenye shida anaomba. Huyu hajaniomba hata siku moja, ananitukana tu. Nikajua hana shida."

Hapo Ethel angecheka kidogo tu, hata kwa kujilazimisha, akasema haya, mtani, nenda kalifunge, na mambo yangekwisha. Lakini alikuwa ameungua moyo. Dharau yake yote, aliyoitunga kwa makini na kuitoa kwa Kiswahili fasaha, huyu mpumbavu alikuwa akiipokea kama zawadi, miaka mitatu, na kwenda kujisifia nayo kwenye kahawa.

"Mimi sikutanii," alisema. "Sijawahi kukutania. Nilikuwa nakudharau, na kila neno nililimaanisha."

Gideoni aliacha kucheka. Salmini alimtazama Ethel kama mtu anayengoja mwisho wa sentensi.

"Hata siku ya tope?"

"Siku hiyo zaidi."

Salmini akavaa kofia yake, akaaga, akaondoka. Kabla ya alasiri gata lilikuwa limefungwa. Mvua ilipokuja usiku ule maji yote yaliteremkia kwenye pipa la Salmini, na ukuta wa Ethel haukuguswa na tone.

Asubuhi walikutana njiani. "Shikamoo, Mwalimu," alisema Salmini, macho chini. "Marahaba," alijibu Ethel, naye akapita. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na kesho kutwa. Adabu tupu. Mke wa Salmini naye akaanza kumwamkia kwa mbali.

Siku ya tano Ethel alitoka akamvizia Salmini uani kwake.

"Hilo gata limekaa upande," alimwambia. "Mtu una macho mawili na bado unafunga vitu kama umefumba yote?" Akasimama, mkono kiunoni, anamtazama usoni, anangoja.

Salmini aliliangalia gata. Lilikuwa limeinama kidogo tu, kama inavyotakiwa ili maji yatembee.

"Nisamehe, Mwalimu. Nitalinyoosha."

Akaleta ngazi, akapanda, akalinyoosha likawa sawasawa, akashuka. Akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Kuna lingine, Mwalimu?"

"Hakuna," alisema Ethel.