Mrija wa Maji Matupu

Miaka kumi na miwili Saliha alipima fosforasi katika maabara ya udongo hapa Bujumbura. Dawa ikishatiwa, maji yaliyochujwa kutoka kwenye udongo hugeuka buluu. Kadiri buluu inavyokolea, ndivyo fosforasi ilivyo nyingi. Jicho lake lilikuwa limezoea, hata mashine ya kusoma rangi ilikuwa inathibitisha tu aliyokwisha kuyajua.

Kisha akaja Orpha, msichana wa Uvira, mpole, mwenye mkono usiotetemeka. Hata miezi mitatu hajamaliza, mkuu wao, Armel, akampa udongo wa mashamba ya mpunga ya Imbo, kazi ambayo Saliha aliisubiri tangu mwaka jana.

"Orpha anafanya haraka," Armel alisema. "Na akirudilia kipimo, kinatoka sawasawa."

Saliha alitabasamu. Mchana alikula peke yake.

Kesho yake alifika kabla ya wote. Mirija ya kupimia ya Orpha, iliyopaswa kuoshwa kwa asidi, aliisugua kwa sabuni ya unga ya kufulia, ambayo ina fosforasi ndani yake, akaisuuza juu juu na kuirudisha palepale.

Kufika saa nne, mirija yote ilikuwa buluu iliyoiva, hata ule wa maji matupu, usiotiwa udongo.

"Hii ni maji tu," Armel alisema. "Inageuka bluu namna gani? Uliosha na nini?"

Orpha aliunusa mrija mmoja uliobaki bila kutumika; ulinukia sabuni. Akamtazama Saliha, kisha akainamisha macho. "Pardon, chef. Mi ndiye sikuangalia vyombo mbele ya kuanza. Nitarudilia yote."

Saliha alikuwa akiingoja furaha. Badala yake wivu ulizidi: hata kwa uungwana, huyu mtoto alikuwa amemzidi.

"Apana," alisema. "Ni mi niliosha, na sabuni. Nilifanya kusudi."

Armel alimtoa kwenye vipimo, akampeleka mapokezi kuandika majina kwenye mifuko ya udongo kwa miezi miwili.

Jioni Orpha alimfuata mlangoni. "Dada Saliha, ungeniambia tu kama ile kazi ulikuwa unaitaka."

"Ningekuambia, ungeniachia?"

Orpha alifikiri. "Apana," akajibu.

Kwa mara ya kwanza Saliha alimpenda kidogo. Wiki iliyofuata, aliposikia Armel akimsifu Orpha upande wa pili wa ukuta, moyo ulimuuma vilevile. Akavuta mfuko mwingine, akaandika.