Mikungu ya Juu

Lori langu dogo likishajaa ndizi pale Suma, ndipo kina mama wanapojitokeza, kila mmoja na mkungu wa mwanawe aliye mjini. Chini kumebana na hakuna mwenye subira ya kupanga upya, basi mkungu unarushwa juu, na juu yake mwingine. Mke wangu Esnath alikuwa akisimama pale anawafukuza. "Juu hapana! Mnataka mume wangu alale mtaroni?" Walimnunia, lakini walimsikia.

Esnath nilimzika mwaka jana. Mimi siwezi kumfukuza mtu. Nyumbani naongea na sufuria. Kina mama wale wakileta mikungu huniuliza nimekula nini. Kwa swali hilo ningebeba hata mgomba mzima.

Juzi nilibeba kumi na miwili. Wa mwisho ulikuwa wa Atupele, kwa binti yake Tulia wa Uyole.

"Ugonile, baba," akanisalimu. "Kamkungu kadogo tu haka."

Kadogo! Watu wawili tuliubeba tukihema. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Nilipita Kiwira salama. Kule juu Isongole, miti ilipokwisha, upepo ukanipiga ubavuni. Lori likaegemea, likarudi, likaegemea tena. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikashusha gia taratibu. Ukikata usukani kwa pupa hapo, umekwisha. Nyuma turubai lililolegea lilikuwa linapigapiga. Niliogopa, sioni haya kusema. Nikawaza, nikianguka hapa atapigiwa simu nani? Sikupata jina.

Nikasimama penye kilima kinachokinga upepo, nikashusha mikungu yote ya juu. Minane niliishindilia chini kwa bega, kwenye kila mwanya. Turubai nikalikaza mpaka kamba ikalia. Ikabaki minne. Kuiacha barabarani ni kuwapoteza kina mama wale, na hakuna mwingine anayejali nimekula nini. Nafasi ilikuwa moja tu: kiti cha Esnath. Tangu azikwe hakijakaliwa, na kanga yake imekunjwa palepale. Watu wameniomba lifti nikawanyima, tena kwa ukali.

Nikaisogeza kanga. Mitatu nikailaza sakafuni mbele ya kiti, ule wa Atupele nikausukuma kwa bega mpaka ukaketi, nikaufunga mkanda usije ukaniangukia.

Upepo ulivuma vilevile, ila lori lilitulia. "Si unaona?" nikauambia mkungu. "Alikuwa anasema kweli." Nikaongea nao njia nzima: habari za barabara, za goti langu, za wali nilioula bila mboga.

Uyole, Tulia alifungua mlango wa upande ule, akauona mkanda, akacheka, akanishukuru: "Ndaga fijo, baba." Akamwita jirani, wakaubeba wawili, wakaenda zao.

Upepo ulikuwa umekoma kabisa. Nikairudisha kanga kitini, nikaifunga mkanda, nikaendesha polepole.