Acha Mara Moja

Mfamasia alikuwa amechoka, na tuseme ukweli, hakuanza kuchoka leo. Miaka ishirini na tisa nyuma ya kioo kimoja si mchezo. Kioo chenyewe kilikuwa na tundu la kuongelea, limetobolewa na mtu ambaye nadhani hajawahi kuumwa hata mafua, maana aliliweka chini, usawa wa kifua, na kila mgonjwa ilimbidi ainame kama anayetafuta kiatu uvunguni ndipo asikie dawa zake anazimeza vipi. Wenye viuno vibovu hawakuinama. Walisimama wima, wakaona midomo ya mfamasia inacheza, wakaitikia kwa kichwa, wakaenda zao.

Naye alikuwa na wimbo wake. Hiki asubuhi na jioni, hiki wakati wa kulala, kunywa maji mengi, usiache kabla dozi haijaisha, umeelewa? Wote walikuwa wameelewa. Nani aseme hajaelewa, na foleni inamkoholea kisogoni? Kwa neno hilo la mwisho wagonjwa walimbatiza jina, Mama Umeelewa. Alilijua, na halikumuudhi. Nguvu za kuudhika angezitoa wapi, na miezi saba tu imebaki astaafu?

Jumatatu moja, hata saa nne haijagonga, mama mmoja wa makamo alifika dirishani, mkoba kwapani, akainama kwenye tundu.

"Daktari, naomba dawa ya kupaka. Mume wangu anawashwa."

"Mume wako ni nani, mama?"

"Fundi saa, yule wa mkabala na posta. Ulimpa vidonge vya gauti, sasa wiki ya tatu."

Mfamasia aliwakumbuka wote wawili. Fundi alikuja akichechemea, dole gumba limevimba halikubali kuingia kwenye kiatu, na mke nyuma yake amebeba kiatu hicho mkononi, kimepigwa rangi kabisa.

"Anawashwa wapi?"

"Mwili mzima. Mdomo nao umefanya vidonda, chakula hakipiti. Na macho mekundu, utadhani amemenya vitunguu gunia zima."

Mfamasia akaweka kalamu chini. "Mama, si niliwaambia? Akiona vipele tu, aache mara moja."

"Aliacha."

"Lini?"

"Jumatano, vilipoanza."

"Kwa hiyo tangu Jumatano hajameza."

Yule mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Alhamisi akaendelea. Si ulisema aache mara moja? Akaacha mara moja." Akainua kidole kimoja, akakigusisha kwenye kioo ili kusibaki ubishi.

Hebu litamkeni wenyewe, taratibu. Acha mara moja: yaani sasa hivi, na usikiguse tena. Acha mara moja: yaani moja, si mbili wala tatu, kisha endelea na safari. Yote mawili ni Kiswahili safi, hakuna aliyekosea hata herufi. Mfamasia alikuwa ameyasema maneno hayo mara elfu na zaidi, na upande wake wa pili hakuwahi kuusikia. Aliusikia sasa.

"Jana jioni alimeza?"

"Nilimpa mwenyewe."

Akafunga dirisha. Foleni ikaguna, mmoja akasema kumbe chai ya watu wa famasi inanywewa saa nne kamili. Alizungukia mlango wa pembeni, akamshika yule mama mkono, akamwambia akodi gari, amlete fundi na vidonge vyote vilivyobaki, na asimpe kingine chochote njiani. Kisha akapanda wodini kumwona daktari.

Kufika saa saba fundi saa alikuwa kitandani. Daktari wa wodi, mtu wa maneno machache, alisema dawa imemkataa vibaya, ngozi inaweza kubanduka, ila wamewahi. Wangekawia siku mbili zaidi, tungekuwa tunaongea mengine. Kuhusu macho, alisema hadi Ijumaa ndipo itajulikana kama yatapona. Fundi saa bila macho ni nani?

Jumanne asubuhi Mama Umeelewa hakuuimba wimbo wake. Wa kwanza alipochukua mfuko wa dawa, alimwambia, "Sasa nieleze wewe. Ukifika nyumbani utazimezaje?" Huyo wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Alivaa miwani, akasoma kwenye karatasi: moja, alama ya mara, tatu.

"Moja mara tatu, tatu," akasema. "Nameza vitatu."

"Kwa pamoja?"

"Ungetaka nivigawe, ungeandika alama ya kugawanya."

Watu wa foleni walicheka. Mfamasia hakucheka. Kati ya watano wa kwanza, watatu walikuwa na lao kichwani, na mmoja wao alikuwa akichukua dawa hiyohiyo kwake kwa miaka minne. Alijikuta anawahesabu waliopita, mwaka hadi mwaka, wote wale waliosema wameelewa. Akaacha kuhesabu, maana angelia mbele za watu.

Mchana alipanda wodini. Alimkuta mke wa fundi kwenye benchi la koridoni, chupa ya chai mapajani, haijafunguliwa.

"Mbona uko nje, mama? Si saa ya kuona wagonjwa?"

"Hataki nimguse." Alisema kwa sauti kavu, ya mtu aliyekwisha kulia. "Daktari, yeye alitaka kuzitupa. Alhamisi ile alisema, hizi dawa hazinipendi. Tukabishana. Nikamwambia, mtaalamu kasema mara moja, wewe umesomea wapi udaktari? Nikamwekea kidonge kiganjani, nikasimama pale mpaka akameza. Siku nne, nimesimama mpaka ameze." Akasugua mfuniko wa chupa. "Sasa maji anapewa na nesi. Nikimpelekea mimi, anafunga mdomo. Jana amenitamkia neno moja tu, kikulacho ki nguoni mwako. Akageukia ukutani. Miaka thelathini na moja, daktari."

Kwenye meza ya manesi mfamasia alilikuta faili la fundi. Daktari alikuwa ameandika: mgonjwa hakufuata maelekezo.

Alishuka kwa mkuu wa famasi. Mkuu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu, aliyemwita mama tangu siku ya kwanza.

"Ulimwambia aache, mama," alisema mkuu baada ya kusikiliza yote. "Hakuacha. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba aliacha."

Mkuu alichungulia koridoni, akafunga mlango. "Nikuambie kama mwanao. Funika kombe mwanaharamu apite. Mgonjwa hajafa, daktari ameshaandika lake, hakuna anayekuuliza. Ukienda kujisema mwenyewe, itakuja barua, itakuja kamati. Miezi saba tu. Unataka kuagwa kwa barua badala ya keki?"

Wala hakuwa mtu mbaya, yule kijana. Na mfamasia alitamani, jamani, alitamani mno amsikilize. Alikuwa hoi bin taaban. Alitaka kwenda nyumbani avue viatu, asiulizwe chochote na mtu yeyote. Na aliogopa pia, tusimfiche: aliogopa barua, na aliogopa zaidi uso wa mtu ambaye macho yake yamefunikwa kwa kosa lake yeye. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema. Yeye alikuwa amejikwaa ulimi, na aliyeanguka ni mwingine, na aliyekuwa akilaumiwa ni wa tatu.

Alikaa kwenye kiti chake muda, hata kula hakula. Kisha akachukua karatasi, akaandika mistari sita, akapanda nayo ngazi akishika ukuta. Daktari aliisoma akiwa amesimama. Akauliza kama ana hakika. Mfamasia akasema anayo. Daktari akaibana karatasi ndani ya faili, akakata mstari wake wa jana kwa kalamu.

Mke alikuwa bado kwenye benchi. "Twende," mfamasia alimwambia.

"Hataki."

"Twende hivyohivyo."

Fundi saa alilala chali, pamba yenye unyevu juu ya macho, midomo imepakwa dawa nyeupe iliyokauka pembeni. Mikono yake myembamba ilikuwa nje ya shuka, ngozi imejaa mabaka. Mke alisimama upande wa ukutani, mbali kidogo na kitanda, kama mgeni. Mfamasia aliinama.

"Fundi, mimi ni yule wa dirisha la dawa."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Nimekuja kusema jambo. Mkeo hakukosea."

"Yeye ndiye aliyenimezesha." Kila neno lilimuuma, lilionekana likimuuma.

"Alikumezesha nilivyosema mimi. Siku ile dirishani, nilisema nini kuhusu vipele?"

Fundi alifikiri. "Niache mara moja."

"Wewe ukaelewaje?"

"Siku moja. Halafu niendelee."

"Mimi nilikusudia uache palepale, usizirudie tena maisha yako. Lakini hicho sicho nilichosema. Nilisema neno lenye njia mbili, sikukuuliza umeshika ipi. Ninyi mlifuata, wewe na yeye. Yeye alifuata hata ulipochoka wewe. Kosa ni langu. Nimeliandika, liko kwenye faili lako, mtu yeyote anaweza kulisoma."

Kitanda cha jirani kililia chuma, mtu akijigeuza.

"Macho yangu?" fundi akauliza.

"Sijui. Daktari anasema hadi Ijumaa."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

Kifua cha fundi kilipanda, kikashuka. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo, na hakuwa na nguvu ya kuitoa. Taratibu akageuza kichwa upande wa pili. Mkono wake ukaanza kupapasa ukingo wa godoro.

"Uko wapi?" akasema.

"Niko hapa," mke akajibu, hajasogea.

"Nipe maji."

Mke alikuja mbio, hatua mbili tu, lakini zilikuwa mbio. Kwa haraka akamwagia nusu kikombe kifuani, akafuta kwa kitenge chake, akaomba radhi, akajaza tena. Fundi alikunywa. Alimeza kwa shida, akapumzika, akanywa tena mpaka kikombe kikaisha, na mkono wake haukuachia kiganja cha mke.

"Yule mama bado yupo?" akauliza.

Mke akamtazama mfamasia juu ya kitanda. "Yupo."

"Mwambie aende."

Mke hakulazimika kumwambia. Mfamasia alikuwa ameshaelekea mlangoni.