Hodi Mbele ya Mizani

Miezi mitatu mizima mtafiti alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya maabara ya udongo, akiangalia watu wazima wakipima vumbi. Wenyewe walimbandika jina la Daftari, maana hata ukipiga chafya yeye anaandika. Chuo kilimtuma kusoma mila za watu. Wenzake walikwenda mbali huko kutafuta ngoma na matambiko. Yeye akajitia ujanja, akasema atasoma mila za wanasayansi. Sasa muda ulikuwa unamwishia, na msimamizi wake alishamwambia, kwa upole kabisa, kwamba bila sura moja yenye nyama, shahada aisahau.

Ndipo masikio yake yakaizindukia ile hodi.

Kila aliyetaka kutumia mizani ndogo, ile inayopima hata unywele mmoja, alisimama mbele yake na kusema, "Hodi." Wote mle chumbani, kila mmoja alipo, waliitikia, "Karibu." Halafu kimya. Moyo wa Daftari ulimdunda kwa furaha. Jamani, watu na makoti yao meupe wanabisha hodi kwa chombo! Akashusha kurasa arobaini: kwamba mizani ndiyo mkubwa wa nyumba, kwamba wanaiomba ruhusa. Kuuliza, hakumuuliza mtu. Aliogopa jibu lisije likamharibia utamu.

Mkuu wa maabara ndiye aliyetakiwa kuzisaini kabla ya Ijumaa, ndipo chuo kizipokee. Alizisoma amesimama, miwani imemshukia puani.

"Binti yangu, sisi hatuna mila. Tuna vipimo."

"Lakini mnabisha hodi, Daktari."

"Basi leo ndiyo mwisho."

Akabandika tangazo ukutani: ni marufuku kubisha hodi mbele ya mizani. Kusaini, hakusaini.

Siku mbili tu, mambo yakaenda mrama. Udongo uleule asubuhi mzito, mchana mwepesi, jioni haueleweki. Mkuu akamwita fundi wa mizani, mama mmoja mcheshi aliyeanza kazi humo Mkuu akiwa bado mwanafunzi. Mama akaikagua mizani juu chini, akaifuta, kisha akawageukia.

"Chombo hakina kosa. Nani kawaambia muache hodi?"

Wote wakatazama tangazo.

"Hodi si ya mizani, baba," alimwambia Mkuu. "Ni yenu nyinyi. Niliianzisha mimi, enzi zile ulipokuwa unakatiza hapa mbiombio na viatu vyako vya soli ngumu. Mtu akitembea sakafu inatikisika, akifungua mlango upepo unaingia. Ukisema hodi, wenzako wanasimama. Asiyeitikia, ujue bado anatembea. Ni hivyo tu."

Mkuu alilibandua tangazo kwa mkono wake mwenyewe. Daftari naye alitamani ardhi ipasuke aingie. Kurasa arobaini zote zimekwenda na maji.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaandika sana, mwanangu. Nikaona nisikukatize."

Alhamisi, watu walipokwisha kutoka kazini, Daftari alirudi kumwambia Mkuu asihangaike tena kusaini, yeye anafungasha. Alikuwa na uchungu, na njia nzima alijilaumu. Alipofika mlangoni akasita. Mkuu alikuwa peke yake, kijiko cha udongo mkononi, mbele ya mizani.

"Hodi," alisema Mkuu, taratibu.

Chumba kizima hakikuwa na mtu. Mkuu akangoja. Akaendelea kungoja, kijiko kiko hewani, wala hakupima.

"Karibu," alisema Daftari kutoka mlangoni.

Mkuu akapima, akasoma namba, ndipo akageuka. "Uko hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla ya hodi." Daftari akafungua daftari ukurasa mpya, na kwa mara ya kwanza tangu afike, hakuandika kitu. Akauliza. "Daktari, humu hamkuwa na mtu. Ulikuwa unamwambia nani?"

Mkuu aliitazama mizani, akatazama viti vitupu, akaitazama tena mizani.

"Sijui," alisema, akanyoosha mkono apewe kalamu ya kusainia zile kurasa.