Spika Iliyokataa Kunyamaza

Fundi alipanda juu ya stuli, akachomoa kwenye soketi ya juu ukutani waya wa umeme wa spika iliyokuwa juu ya meza ya karani, akashuka na kujipangusa vumbi. Spika ikaendelea kusema.

"Ofisi, mnanisikia? Joto limezidi huku. Nifungulieni mlango."

"Si unaona?" karani alisema. "Tangu Jumatatu ndiyo hivyo. Nimeifunika kwa taulo, wapi!"

"Naona," fundi alijibu. Sauti ilikuwa ya mkewe, aliyezikwa mwezi uliopita. Aliitambua tangu ngazini, kwa vile alivyozoea kuvuta pumzi kabla ya kuomba kitu. Moyo ulimuuma, lakini alikuwa ameitwa kazini.

Spika yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya kuunganishwa na mtandao. Kila idara ya hospitali ilikuwa nayo ili watu waitane bila kupanda na kushuka ngazi. Ila mashine za chumba cha kufulia zilikuwa na makelele, na msimamizi hakuyapenda. Kwa hiyo kila asubuhi karani alibonyeza kitufe cha kunyamazisha, taa nyekundu ikawaka, na wafuaji wakabaki wa kusikia tu, wasisikike. Mlango wao nao ulifungwa kwa nje, shuka zisiibwe. Mwezi uliopita, wafuaji wenzake walipotoka kwenda kula, mke wa fundi alibaki ndani kumalizia shuka za chumba cha upasuaji. Bomba la mvuke likapasuka. Aliita, akaita, na taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Fundi alifuata taratibu za kazi. Alichomoa waya wa mtandao, akaukunja, akautia mfukoni. Alibonyeza kitufe, taa ikawaka bila umeme, lakini ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Alifungua kasha, akatoa vyote vilivyokuwamo na kuvipanga mezani. Sasa sauti ilitoka kwenye kasha tupu, tena safi kuliko mwanzo.

Msimamizi aliingia. "Fundi, pole na msiba, ila kazi ni kazi. Kitufe kimekufa?"

"Kizima, bosi. Kingekuwa kimekufa, yeye angekuwa hai."

Msimamizi alitazama saa yake.

"Ofisi, mnanisikia?" spika iliuliza.

Fundi alishindwa kuvumilia. "Nakusikia, mama watoto," alisema. "Nakusikia, mke wangu."

Spika ikanyamaza.

"Kumbe ilikuwa inataka kujibiwa," msimamizi alisema, akafurahi sana. Papo hapo akaamuru spika irudishiwe vitu na nyaya zake, kisha kiletwe kiti, fundi aketi hapo kila siku awe anajibu. Mtu mwingine wa kurekebisha taa za hospitali angepatikana. Wauguzi waliopita mlangoni walizoea upesi. Wengine walimsalimia mama watoto, naye aliwaitikia vizuri, kisha akaomba tena afunguliwe mlango.

Fundi aliuliza kama kitufe kingeachwa wazi sasa, wafuaji wasikike.

"Na yale makelele?" msimamizi alishangaa.

Nafasi ya marehemu kule chini ilichukuliwa na mdogo wake, shemeji yake fundi, kwani watoto walihitaji kula. Asubuhi moja, karani alipokwisha kubonyeza kitufe, spika ilivuta pumzi.

"Baba watoto, mdogo wangu anaita. Humsikii?"

Fundi aliruka, akakizima kitufe. Makelele ya mashine yakajaa ofisi nzima, na katikati yake sauti nyembamba: "Shemeji! Mvuke unavuja huku!" Msimamizi alinyoosha mkono, akakibonyeza tena.

"Ufunguo, bosi," fundi alisema. "Nakuomba."

"Mlango unafunguliwa saa ya chakula, unajua. Jibu hiyo spika, watu wafanye kazi."

Fundi alishuka ngazi mbio, akausukuma mlango kwa bega mpaka bega likakataa. Walinzi walimrudisha juu kwa upole, wakamkalisha kitini.

"Baba watoto? Mmemsikia?"

Alitafuta neno lingine, hakulipata. "Tumemsikia," alisema.

Spika ikanyamaza. Fundi aliikodolea macho taa nyekundu, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakuwa akipiga kelele.