Anayetembea Kinyumenyume

Tulikuwa katikati ya barabara, tumebeba kioo cha dirisha la duka la mikate, kirefu kunipita, sauti ya mtalaka wangu iliponijia mgongoni.

"Baba, leo uchague. Mimi au yeye."

Baba mkwe wangu, fundi vioo, alitazama kioo kwanza.

Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili. Mmoja hutangulia kinyumenyume, haoni aendako. Mwingine humfuata akimwongoza: jiwe, kushoto, ngazi. Tangu nilipoolewa na mwanawe, mzee akaona mkono wangu hautetemeki, yeye alikuwa macho, mimi mgongo. Mwanawe naye, kabla hajakimbilia kuuza magari, alikuwa mgongo vilevile. Mzee hakuwahi kutembea kinyumenyume akiongozwa na mtu. "Mgongo wangu simkabidhi mtu," alizoea kusema, na mafundi wenzake wakamtania kwamba ndiyo maana hata kulala hulala chali.

Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda karakana kumrudishia kisu chake cha kukatia vioo. Talaka ilikuwa imetoka, na mimi si mtu wa kungoja kufukuzwa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuaga kiungwana. Lakini kazi ile niliipenda, na mzee yule nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda mwanawe. Nasema hili bila haya. Alikiona kisu mkononi mwangu, akanionyesha kioo kilichoegemea ukutani.

"Shika upande huo," alisema, basi.

Ndivyo tulivyofika barabarani.

"Huyu si mkwe wako tena," mtalaka wangu aliendelea. "Watu wanatucheka. Damu ni nzito kuliko maji, Baba."

"Kioo ni kizito kuliko vyote viwili. Tupishe."

Hakupisha. Muuza mikate alikuwa amesimama mlangoni kwake, unga hadi kwenye nyusi, hajui acheke au alie. Vidole vilianza kuniuma. Nilijua kwamba nikiomba tukitue kioo pale, nitakuwa nimeaga kweli.

"Mwanangu," mzee aliita. Mtalaka wangu akaitika. Mzee alikuwa ananitazama mimi. "Tuzunguke. Leo mimi ndiye nitakayetembea kinyumenyume."

Tulizunguka taratibu, magari yakitupigia honi, mpaka nikawa upande wa macho. Sasa nilimwona mtalaka wangu uso kwa uso, na mbele yake mgongo wa baba yake, shati limelowa jasho. Katika watu wote waliosimama pale, yeye peke yake alijua maana ya mgongo ule.

Mzee alianza kutembea.

"Simama, Baba," nilisema. "Mwanao yuko nyuma yako."

Alisimama. Hakugeuka kuhakikisha. Mtalaka wangu alinitazama, akamtazama baba yake, kisha akasogea kando na kuinamisha kichwa.

"Amepisha. Twende."

Mzee ametutoka, na karakana ninaiendesha mimi. Kioo kile kipo kwenye duka la mikate hadi leo. Nikipita pale hujitazama humo, kisha naendelea na safari yangu kifua mbele. Wateja wakiniuliza kazi hii nilifundishwa na nani, nawajibu: na baba yangu.

Siku ile tulipolifikia duka, nilisema kwa sauti ili muuza mikate na barabara nzima wasikie:

"Ngazi, Baba."

Akainua mguu bila kutazama.